Jina Langu na Ninachokiamini: Mwongozo Kamili wa Kujitambulisha

Mtu akiombwa ajitambulishe, mara nyingi hutaja jina, kazi na mahali anapoishi, kisha huketi. Waliomsikiliza hubaki na kazi yake tu. Jina limeshawaponyoka, na yeye mwenyewe hawajamwona. Nimehudhuria vikao vingi vya namna hiyo na kila mara huumia, kwa sababu najua kila aliyesimama pale alikuwa na jambo la kusema, ila hakupata mlango wa kuingilia.

Mlango ninaoujua mimi ni jina lenyewe. Jina ni neno ambalo wengine walikusemea kabla hujaweza kusema: tumaini lao, hofu yao, shukrani yao, au kumbukumbu ya mtu waliyempenda. Unachokiamini leo ni neno ulilojisemea mwenyewe baada ya kuishi. Weka maneno hayo mawili karibu, onyesha yanapokubaliana au yanapogombana, na msikilizaji ataanza kukuona.

Mimi naitwa Subira. Nitatumia jina langu kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho, ili uone kazi inavyofanyika hatua kwa hatua. Wewe chukua daftari na kalamu, na ujipe siku tatu au nne. Usikimbilie kuandika utambulisho wenyewe. Unakuja katika hatua ya tano.

Hatua ya 1: Tafuta maana ya neno

Anza kwa kujua jina lako limetoka lugha gani. Wengi hukosea hapa, kwa kuwa jina husafiri kuliko watu. Yohana, Yahya, John, Juan, Ivan na Giovanni yote yametoka katika jina moja la Kiebrania lenye maana ya kwamba Mungu ni mwenye neema. Upande wa pili, majina mawili yanaweza kufanana sauti na yasiwe na undugu wowote. Asha anayetokana na Aisha wa Kiarabu ni mwenye uhai, anayeishi. Asha wa Kihindi ni tumaini. Ukitafuta maana bila kujua ni lugha ipi, unaweza kujitambulisha maisha yako yote kwa maana ya jina la mtu mwingine.

Dalili zipo. Jina linaloishia na -eli, kama Danieli, Samueli au Mikaeli, kwa kawaida ni la Kiebrania, na kipande hicho humtaja Mungu. Danieli ni "Mungu ni mwamuzi wangu". Mikaeli ni swali: "Ni nani aliye kama Mungu?" Majina kama Sofia (hekima), Irene (amani) na Stefano (taji) ni ya Kigiriki. Ya Kiarabu mara nyingi hujengwa juu ya konsonanti tatu, na ukizishika hizo unapata ukoo mzima: Muhammad, Ahmed, Mahmud na Hamid wote wamebeba h-m-d, yaani sifa. Amina, Imani na Amani ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa wote wanatoka kwenye mzizi wenye maana ya usalama na uaminifu. Mimi nilipoligundua hilo niliwapigia simu akina Amina wote ninaowafahamu.

Orodha za majina kwenye intaneti zichukue kama fununu. Nyingi hunakiliana, na baadhi hupamba maana ili kumfurahisha mzazi anayetafuta jina la mtoto. Fununu uliyopata ipeleke kwenye kamusi ya lugha husika, kisha kwa mtu anayeizungumza lugha hiyo tangu utotoni. Muulize hivi: "Neno hili mnalitumia wapi nyinyi, mbali na kuwa jina?" Jibu lake ndilo litakalokupa uhai wa neno.

Mfano wangu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba Subira ni kungoja kimya. Neno limetoka Kiarabu, sabr, na nilipolifuatilia nikakuta kwamba ndani yake mna kujizuia, kustahimili, kushikilia usiachie. Mtu anayening'inia kwenye kamba juu ya maji ana sabr, na hapo hangoji kimya hata kidogo. Ugunduzi huo mmoja ulibadilisha namna ninavyolitamka jina langu.

Andika kwenye daftari sentensi moja tu: jina, lugha, maana. Usiipambe bado.

Hatua ya 2: Tafuta sababu ya kupewa

Maana ya neno na sababu ya kupewa neno ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi cha pili ndicho chenye hazina. Filipo kwa Kigiriki ni mpenda farasi. Kama hujawahi kugusa farasi, maana hiyo haikusaidii lolote. Lakini ukijua kwamba uliitwa hivyo kwa sababu ya mjomba aliyemlipia mama yako ada ya shule, hapo una la kusema.

Wapo watu ambao jina lao ni taarifa kamili ya siku ya kuzaliwa. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1997 hadi 2006, alizaliwa Ijumaa ya tarehe 8 Aprili 1938. Kofi katika lugha za Akan, zinazozungumzwa Ghana, ni mwanamume aliyezaliwa Ijumaa. Jina lake la kati, Atta, lilisema kwamba alikuwa pacha, na Annan ni mtoto wa nne. Wapo pia wenye majina yaliyotoka mikono miwili isiyojuana. Nelson Mandela aliitwa Rolihlahla na baba yake, neno ambalo kwa Kixhosa ni kuvuta tawi la mti, na katika mazungumzo ya kawaida ni mleta matata. Nelson alipewa na mwalimu siku yake ya kwanza shuleni, na Mandela alieleza baadaye kwamba hakujua kwa nini mwalimu alichagua jina hilo. Jina moja lilikuja na maana, lingine lilikuja na tukio tu. Yote mawili ni habari.

Mtafute aliyekupa jina, au aliyekuwepo. Mkiwa wawili tu ndiyo vizuri zaidi, maana mbele ya watu wazee hutoa jibu fupi la heshima. Muulize kwa utaratibu huu:

"Mlikuwa mnapitia nini wakati ule?"
"Ni majina gani mengine yaliyofikiriwa, na kwa nini yaliachwa?"
"Nina somo, yaani mtu niliyeitwa kwa jina lake? Alikuwa mtu wa namna gani?"
"Mlinitakia nini?"

Swali la pili usiliruke. Jina lililoachwa hueleza lililochukuliwa. Mimi nilikuwa niitwe Furaha. Bibi yangu ndiye aliyekataa. Alikuwa amemsubiri mjukuu kwa miaka kumi na mmoja, akasema furaha imekuja leo lakini aliyeileta ni subira, basi aitwe aliyeileta.

Huenda aliyekupa jina ameshafariki, au hataki kusema, au hukulelewa na waliokuzaa. Usitunge hadithi ya kujaza pengo. Kutokujua nako ni utambulisho wa kweli, na unaweza kuwa na nguvu kubwa: Malcolm X, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi aliyezaliwa kwa jina la Malcolm Little mwaka 1925, aliliweka lile X mahali pa jina la mababu zake wa Afrika ambalo utumwa ulilifuta na ambalo hangeweza kulijua tena. Herufi moja ilisema anachokikosa na anachokiamini kwa pamoja.

Hatua ya 3: Fukua unachokiamini kweli

Hapa ndipo penye kazi, na ningekusihi upape siku nzima.

Mwambie mtu yeyote ataje anachokiamini na atakujibu: naamini katika upendo, uaminifu, bidii. Sijamwona bado. Maneno hayo ni ya kila mtu, na neno la kila mtu halimtambulishi yeyote. Imani ya mtu iko kwenye matendo yaliyomgharimu. Basi usijiulize "naamini nini?" Jiulize maswali haya, na kila moja ulijibu kwa tukio lenye siku, mahali na watu:

Ni lini nilikataa jambo lenye faida kwangu?
Ni jambo gani nimelirudia kwa miaka bila kulipwa wala kusifiwa?
Ni wapi nilisema na ingekuwa salama zaidi kunyamaza, au nilinyamaza na bado inaniuma?
Ni wazo gani nililokuwa nalo nikaliacha, na nani aliniachisha?

La tatu lina mlango wa pili, ule wa kunyamaza, na watu wengi huupita haraka. Rudi. Kinachokuuma kwa kutokutenda kinaonyesha imani yako waziwazi kama kile ulichotenda, pengine zaidi, kwa kuwa hakuna aliyekupigia makofi.

Ukishapata matukio matatu au manne, yatazame yote pamoja na utafute kinachoyaunganisha. Kisha kijaze katika sentensi ya umbo hili: "Naamini kwamba … , ndiyo maana …" Sehemu ya kwanza ni imani, ya pili ni tendo. Kama sehemu ya pili haijazi, imani hiyo bado ni matamanio. Hakuna ubaya kuwa na matamanio, ila yaite hivyo: "Natamani kuwa mtu wa …" Msikilizaji huheshimu ukweli huo.

Sasa ipime. Soma sentensi yako na ujiulize kama yupo mtu mwenye akili timamu anayeweza kupingana nayo. "Naamini elimu ni muhimu": nani atapinga? Itupe. "Naamini mtu mzima asiyejua kusoma anastahili kufundishwa kwa muda ule ule na uvumilivu ule ule tunaompa mtoto": hapo kuna watu watakaosema fedha na nguvu ziende kwa watoto kwanza. Sentensi hiyo imesimama mahali. Ni yangu, na nitairudia.

Kuhusu dini. Kama imani yako ya dini ndiyo nguzo yako, itaje. Kuificha kutafanya utambulisho wote uyumbe. Itaje kwa kinywa cha shahidi, usikae kiti cha hakimu. "Sala ya alfajiri ndiyo inayonifanya nisiwe mtu wa hasira" ni ushahidi wako, na hata asiyesali ataupokea. "Mtu asiyesali hawezi kuwa mwema" ni hukumu, na nusu ya chumba imeshafunga masikio. Hali kadhalika kwa asiye na dini: eleza unachoegemea, wala usianze na unachokikana.

Hatua ya 4: Vikutanishe

Una sentensi ya jina, una sababu ya kupewa, una sentensi ya imani. Viweke kwenye ukurasa mmoja na uvitazame vinasemezana nini. Kwa uzoefu wangu huwa kuna njia nne.

Njia ya kwanza ni kukubaliana: unaitwa Karimu na maisha yako ni ya kutoa. Ni nzuri, ila ina hatari ya kusikika kama kujisifu. Chema chajiuza, taja tendo na uache msikilizaji aunganishe mwenyewe.

Ya pili ni deni. Jina linakudai kitu ambacho hujakilipa. "Naitwa Amani, na mimi ni mtu wa kuwaka haraka, ninajifunza." Ukiisema kwa unyofu, watu watakuamini papo hapo.

Ya tatu ni ugomvi, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu ndimo mtu anapoonekana akifikiri. Labda jina lako lina maana ya huzuni au shida. Malala Yousafzai, mtetezi wa elimu ya wasichana kutoka Pakistan aliyezaliwa 1997, jina lake kwa Kipashto ni mwenye majonzi. Baba yake alimpa kwa kumkumbuka Malalai wa Maiwand, msichana anayesimuliwa kwamba aliwatia moyo wapiganaji wa Afghanistan katika vita vya mwaka 1880. Neno ni la huzuni, sababu ni ya ushujaa, na aliyebeba jina akapata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2014 akiwa na miaka 17. Katika Biblia kuna Yabesi, ambaye mama yake alimwita hivyo kwa kuwa alimzaa kwa huzuni. Yeye akaomba abarikiwe na mipaka yake ipanuliwe. Na kuna Naomi, aliyefiwa na mume na wana, akawaambia wanawake wa Bethlehemu wasimwite tena Naomi, yaani wa kupendeza, wamwite Mara, yaani chungu, maana maisha yamekuwa machungu. Mmoja aligombana na jina baya, mwingine na jina zuri. Wewe ukiwa na jina zito usilifunike kwa kicheko. Liseme, useme na jibu lako.

Njia ya nne ni kuchagua upya. Machi 1964, bingwa mpya wa ngumi za uzito wa juu aliacha kuitwa Cassius Clay akawa Muhammad Ali: mwenye kusifiwa sana, aliye juu. Wengi waliendelea kumwita kwa jina la zamani, na katika pambano la 1967 alimpiga mpinzani wake Ernie Terrell huku akimuuliza jina lake ni nani. Mwaka 2013, Jorge Mario Bergoglio alipochaguliwa kuwa Papa alichukua jina la Fransisko, na akaeleza kwamba amemfuata Fransisko wa Asizi, mtu wa maskini na wa amani. Hata kabla ya barua yoyote ya kichungaji, jina lilikuwa limeshatangaza mwelekeo. Kama nawe umejichagulia jina, uliposilimu, ulipobatizwa, ulipoolewa au kwa uamuzi wako tu, hapo jina na imani tayari ni kitu kimoja. Kazi yako ni kueleza siku ile ya kuchagua.

Mimi niko njia ya tatu. Nilidhani jina langu linaniamuru ninyamaze, nikagombana nalo, kisha nikakuta halikuwahi kusema hivyo.

Kuna wakati vitu hivi havikutani kwa njia yoyote. Usilazimishe. Sema sababu ya jina kwa sentensi moja, vuta pumzi, sema imani kwa sentensi nyingine. Kiunganishi cha kubuni hunuka uongo.

Hatua ya 5: Andika mara tatu

Andika toleo la pumzi moja, la dakika moja, na la ukurasa. Anza na la dakika moja, kwa sababu hilo ndilo utakalolitumia zaidi. Ukilipata, la pumzi moja ni kupunguza na la ukurasa ni kuongeza matukio kutoka kwenye daftari lako.

Hili hapa langu la dakika moja:

"Naitwa Subira. Bibi yangu alinipa jina hili baada ya kumngoja mjukuu kwa miaka kumi na mmoja. Nilikua nikidhani linanitaka nikae kimya. Baadaye nikajifunza kwamba subira ni kushikilia jambo usiliachie. Kwa miaka sita nimekuwa nikiwafundisha watu wazima kusoma. Mwanafunzi wangu wa kwanza alichukua miezi kumi na minne mpaka akasoma barua ya mwanawe bila msaada. Naamini mtu mzima anastahili muda ule ule tunaompa mtoto."

Kwa pumzi moja: "Naitwa Subira; nawafundisha watu wazima kusoma, na jina linanisaidia."

Angalia mambo mawili. Maana ya jina haikuja kwanza. Mtu, yaani bibi, ndiye aliyekuja kwanza. Na imani imekuja mwisho, baada ya tendo, ili isikike kama matokeo ya maisha. Unaweza kuugeuza mpangilio huo, lakini ujue kwa nini unaugeuza.

Mfano wa hadharani ninaourudia kila ninapofundisha jambo hili ni wa Barack Obama, tarehe 27 Julai 2004, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Boston. Wamarekani wengi walikuwa hawajamsikia. Alieleza kwamba wazazi wake walimpa jina la Kiafrika, Barack, yaani aliyebarikiwa, wakiamini kwamba katika Marekani yenye kuvumiliana jina si kizuizi cha kufanikiwa. Sentensi moja ilibeba jina, maana, waliolitoa na imani yao. Mbele katika hotuba hiyo hiyo akajitaja tena kama kijana mwembamba mwenye jina la ajabu anayeamini kwamba nchi hiyo ina nafasi kwa ajili yake pia. Kwanza imani ya wazazi, kisha imani ya mtoto. Ndilo umbo lote ninalokufundisha hapa.

Hatua ya 6: Litamke

Sema "Naitwa Subira" au "Jina langu ni Subira". Ile "jina langu naitwa" tunayoisikia kila siku imeunganisha sentensi mbili, iache.

Tamka jina polepole kuliko maneno mengine, kisha nyamaza kidogo. Sisi wenyewe tumezoea majina yetu mno, tunayapitisha mdomoni kama kohozi dogo, na mgeni hapati nafasi ya kuyashika. Kama jina lako ni gumu kwa wasikilizaji, ligawe kwa silabi mara moja na ulirudie zima. Mtu akilikosea, msahihishe siku hiyo hiyo, kwa upole; ukingoja mwezi mzima utakuwa umempa jina jipya wewe mwenyewe.

Fanya mazoezi kwa sauti mara tano ukiwa peke yako, kisha mara moja mbele ya mtu anayekufahamu. Muulize ni neno gani limesikika kama si lako. Kila mara lipo moja. Litoe.

Hatua ya 7: Jua pa kusemea

Toleo la ukurasa ni la barua ya maombi ya masomo, wasifu au hotuba. La dakika moja ni la kikundi kipya, darasa, kikao cha kwanza. Kwenye usaili wa kazi taja jina, weka tendo, na imani iache ionekane ndani ya tendo. Zipo pia sehemu ambapo jina au dini ya mtu humletea hatari. Hapo huna deni la kumweleza mtu yeyote chochote, na toleo lako likae daftarini salama.

Ukiwa na wageni wachache mezani, jitambulishe kisha umuulize mwenzako: "Na wewe, nani alikupa jina lako?" Usimuulize lina maana gani, maana wengi hawajui na wataona aibu; lakini kwa swali la nani alikupa, kila mtu ana pa kuanzia. Akianza kusimulia mwache amalize, hata kama maana ya neno unaijua kumshinda.